Tangi la Mama na Roketi ya Serikali Sita

Tangi la maji la mama limelala ubavu uani, chini ya mwembe. Ni jeusi, la lita elfu kumi, na halijawahi kutiwa hata ndoo moja. Mnara wake upo hatua chache kutoka hapo, umepigwa plasta na kupakwa chokaa, ila ulijengwa kubeba lita elfu tano. Kaka mkubwa ndiye aliyesimamia mnara. Dada, aliye Muscat, ndiye aliyetuma pesa za tangi, na muuzaji alipomwambia akiongeza kidogo atapata kubwa, akaongeza, maana dada yetu ndivyo alivyo. Mimi nilipewa mabomba. Nilinunua ya inchi moja na nusu. Tundu la tangi ni la inchi mbili.

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Siku niliyokwenda Ngomeni, kwetu pwani ya Kenya, kuuona mradi wetu nilizitandaza risiti zote mkekani nikapiga jumla mara mbili. Hakuna shilingi iliyoliwa. Simenti ilinunuliwa na ikatumika, nondo ni za unene uleule ulioandikwa, fundi alilipwa alichoahidiwa. Afadhali ningemkuta mwizi. Mwizi nina fomu yake. Ubadhirifu usio na mbadhirifu sina pa kuuandika.

Nikapanda juu ya mnara, angalau tuupatie kazi. Kutoka pale, hewa ikiwa safi, unayaona majukwaa ya San Marco, yale ya kurushia roketi, yamesimama baharini kwa miguu yake ya chuma, kama wavuvi waliopandisha vikoi kuvuka kijito. Kila mtoto wa Ngomeni amekua akiyaona. Marehemu mjomba alikuwa akitusimulia siku za kurusha: mashua zote zakatazwa kusogea, watu wamejaa ufukweni, kisha moshi kwanza, sauti baadaye. Hapo alikuwa akinyamaza kidogo, ndipo aiige ile sauti kwa mdomo, na sisi tukicheka.

Siku zote tuliambiwa kwamba Waitaliano walirusha roketi zao hapa kwetu. Nimekuja kujua ukubwani kuwa roketi zenyewe hazikuwa zao. Zilikuwa Scout, za Wamarekani. Italia ilileta majukwaa, setilaiti na wataalamu, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Na miaka hiyohiyo, hazina ya Italia ilikuwa ikilipia karibu sehemu ya kumi ya roketi nyingine kabisa, ya Wazungu wenyewe, ambayo haikufikisha kitu chochote kwenye mzingo wa dunia, ile njia ya setilaiti kuizunguka dunia. Hiyo ndiyo Europa. Nimekuwa nikiisoma usiku kwa miezi mitatu, na sababu yenyewe, kusema kweli, ni lile tangi.

Hadithi yake inaanzia kwenye hasara. Miaka ya 1950 Uingereza ilikuwa ikitengeneza kombora la nyuklia liitwalo Blue Streak. Lilitumia mafuta ya taa pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, nyuzi 183 chini ya sifuri. Oksijeni ya aina hiyo haiwezi kukaa ndani ya kombora ikingoja vita. Hutiwa mwishoni kabisa, na adui mwenye makombora yake hakungojei umalize kujaza. Aprili 1960 Waziri wa Ulinzi, Harold Watkinson, akasimama bungeni London kutangaza kuwa limefutwa. Kufikia hapo zaidi ya pauni milioni 60 zilikuwa zimeshatumika, na makadirio ya kulikamilisha yalikuwa yamepita milioni 500.

Mkaguzi yeyote anaijua hatua inayofuata. Mtu aliyezika pesa mahali hakubali kuwa zimezikwa. Hulitafutia kaburi jina jipya. Serikali ya Harold Macmillan ikasema kombora limekufa, lakini mwili wake utafaa kwa roketi ya kurushia setilaiti, na hatutabeba mzigo peke yetu, tutawaalika majirani. Siasa nayo ilikuwemo. Uingereza ilikuwa inabisha hodi kwenye Soko la Pamoja la Ulaya, na kwa watu huendi mikono mitupu. (Jenerali de Gaulle aliufunga mlango Januari 1963. Zawadi ilikuwa imeshapokewa.)

Mkataba ukatiwa saini Machi 1962, likazaliwa shirika la ELDO, la kuiunda roketi hiyo: serikali sita za Ulaya, pamoja na Australia. Hatua ya kwanza ya roketi, ile ya kunyanyua mzigo wote kutoka ardhini, ilikuwa Blue Streak ya Uingereza. Ya pili, Coralie, ya Ufaransa. Ya tatu, Astris, ya Ujerumani Magharibi. Italia ilichukua setilaiti ya majaribio na mfuniko wa pua unaoikinga. Ubelgiji, mitambo ya kuiongoza kutoka ardhini. Uholanzi, vyombo vya kuletea taarifa kwa redio. Australia haikuchanga fedha, ilitoa uwanja wa Woomera, jangwani huko kaskazini-magharibi mwa Adelaide. Kadirio la kwanza lilikuwa pauni milioni 70 kwa miaka mitano. Uingereza ingelipa asilimia 38.79, Ufaransa 23.93, Ujerumani 22.01, Italia 9.78, na mbili zilizobaki zingegawana kilichosalia.

Nimezitazama sana hizo namba mbili baada ya nukta. Watu walikaa wakabishana mpaka wakafika huko, tena nina hakika walikuwa wahasibu hodari. Lakini ofisi kuu ya ELDO, pale Paris, haikuwa na uwezo wa kumwamuru mkandarasi yeyote. Mikataba na viwanda ilitolewa na kila serikali kwake, kwa zabuni zake na wakaguzi wake, na kila moja ikihakikisha fedha zake zinarudi kwenye viwanda vyake. Kila kipande cha Europa kilikuwa na mwenyewe. Pale kipande kinapokutana na kipande, zile nyaya, bolti na ishara ya umeme inayotoka hatua moja kwenda nyingine, hapakuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo watu huleta ile methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama. Mimi naona haiingii. Manahodha wengi wangegombana, na ugomvi angalau husikika. Europa haikuwa na nahodha hata mmoja. Ilikuwa na wenye chombo tu, kila mmoja kasimama juu ya ubao alioulipia.

Roketi yenyewe ilikuwa ya ajabu kuitazama. Matangi ya Blue Streak yalikuwa ya chuma kisichoshika kutu, chembamba kiasi cha nusu milimita, kwenye pipa lenye kipenyo cha mita tatu. Halikuweza kujishika lenyewe. Ilibidi lijazwe hewa ya shinikizo muda wote, kama mpira, la sivyo lingejikunja. Hili puto la chuma lilisafirishwa kutoka Uingereza mpaka Australia, likasimamishwa kando ya ziwa la chumvi liitwalo Lake Hart, likatiwa oksijeni ya baridi ile kwenye jua la jangwani.

Tarehe 5 Juni 1964 ikaruka mara ya kwanza, hatua ya kwanza peke yake. Ikaenda vizuri hadi karibu na mwisho, mafuta yalipopungua yakaanza kucheza ndani ya tangi. Aliyewahi kukaa kwenye ngalawa yenye maji ya ngama anaelewa: chombo kikiinama kidogo, maji yanakimbilia huko, yanakiinamisha zaidi. Roketi ikayumba, injini zikazimika sekunde chache kabla ya wakati wake. Kwa jaribio la kwanza hilo ni jambo dogo, na mbili zilizofuata zilikuwa safi.

Ya nne ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mei 1966 roketi ilipanda sawasawa kabisa. Lakini afisa wa usalama pale Woomera alikuwa akisoma mitambo iliyomwonyesha kuwa imeacha njia. Kazi yake ni moja: ikiacha njia, iangamize. Sekunde ya 136 akabonyeza. Baadaye ikaonekana roketi haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye usomaji. Simlaumu yule bwana. Alifanya alichoandikiwa kufanya, kama kaka alivyojenga mnara wa lita elfu tano kwa sababu tulikuwa tumesema elfu tano.

Tangu hapo matatizo yakahamia kwenye viungo. Agosti 1967, Blue Streak ikafanya kazi yake, Coralie ikakataa kuwaka. Desemba mwaka huohuo, Blue Streak ikafanya kazi yake, Coralie haikuachana nayo. Novemba 1968 Coralie ikakubali, na sasa Astris ndiyo iliyoharibika muda mfupi baada ya kuwaka. Tarehe 3 Julai 1969, Astris tena. Siku kumi na tatu baadaye Wamarekani wakaondoka Florida kwenda mwezini. Juni 1970 hatua zote tatu zikawaka, nadhani watu walianza kukumbatiana, kisha mfuniko wa pua ukagoma kufunguka. Roketi ikaubeba uzito ambao ilipaswa kuutupa, ikakosa kasi, setilaiti ikarudi chini.

Waingereza wa fani hiyo mpaka leo watakwambia kwa fahari kuwa Blue Streak haikuwahi kuwaangusha. Ni kweli, au karibu na kweli. Nami mabomba yangu hayavuji.

Isidhaniwe kuwa nawacheka kwa kushindwa. Roketi za mwanzo zilishindwa kila mahali. Desemba 1957 Vanguard ya Marekani ilinyanyuka kiasi cha mita moja mbele ya kamera za televisheni, ikarudi kukaa, ikalipuka. Kisetilaiti chake kikarushwa pembeni, kikawa kinaendelea kutoa mlio wake pale chini kana kwamba kimeshafika. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Tokyo walishindwa mara nne mfululizo na roketi yao Lambda 4S, kuanzia 1966, na Februari 1970, kwenye jaribio la tano, wakaipandisha setilaiti yao Ohsumi. Ila waliokosea mara ya kwanza ndio haohao waliorekebisha ya pili. Europa kila kosa lilikuwa na nchi yake, na kila nchi ilikwenda kulirekebisha kwake, kwa bajeti yake.

Bajeti nazo zilikuwa zinavimba. Kufikia 1966 makadirio yalikuwa yamezidi maradufu. Na wa kwanza kutaka kunyanyuka kwenye sinia alikuwa mwenye karamu. Uingereza ikatishia kujitoa, ikabembelezwa kwa kupunguziwa mchango hadi asilimia 27, na Aprili 1968 ikasema waziwazi kuwa haitaongeza kitu juu ya ilichokwisha kuahidi. Blue Streak ikaendelea kuwauzia wenzake. Ufaransa wakati huo ilikuwa na yake pembeni: Novemba 1965 ilikuwa imerusha setilaiti yake ya kwanza kwa roketi yake yenyewe, Diamant, kutoka Hammaguir, Algeria, nchi iliyokuwa imepata uhuru miaka mitatu kabla. Kufuatana na mapatano ya Évian, yaliyomaliza vita vya uhuru wa Algeria, Wafaransa walitakiwa kuondoka pale 1967, ndiyo maana wakahamia Kourou, Guyana ya Ufaransa, digrii tano tu kutoka ikweta. Europa nayo ikafuata huko, ikiwa imeongezewa injini ya kuifikisha setilaiti kwenye mzingo wa mbali, ikaitwa Europa II.

Sasa naomba msomaji aishike kalenda ya 1971, maana hapa mimi mwenyewe nilisimama nikatoka nje kupunga upepo.

Tarehe 28 Oktoba, Woomera. Uingereza yarusha roketi ndogo iitwayo Black Arrow, iliyotengenezwa na watu wachache kwa fedha ambazo ukiziweka kando ya Europa ni chenji. Yafika. Setilaiti yake, Prospero, yaingia kwenye mzingo. Ila serikali ilikuwa imeshatangaza bungeni mwezi Julai kuwa mradi umefutwa; waliruhusiwa kurusha ile tu iliyokuwa tayari. Yaani siku walipofaulu ndiyo siku walipofunga duka.

Tarehe 5 Novemba, Kourou. Europa II, mara ya kwanza na ya mwisho. Inapopanda, umeme tuli unajikusanya kwenye roketi, uleule unaokuchoma kidole ukivua sweta ya nailoni. Unaruka, unaipiga kompyuta ya kuiongoza. Kompyuta inanyamaza. Roketi inaendelea kupanda bila mwongozo, inalala upande, na dakika mbili na nusu tangu iondoke inavunjikavunjika juu ya Atlantiki. Tume iliyoundwa kuchunguza ilikuta tatizo la umeme, lakini ikakuta pia lile ambalo kila mtu alilijua: usimamizi wenyewe.

Tarehe 15 Novemba, Ngomeni. Scout yaondoka kwenye jukwaa la San Marco na setilaiti ya utafiti ya Marekani, yafika bila makeke. Sina shaka mjomba alikuwa ufukweni siku hiyo.

Kituo chetu kilirusha setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988, na zote tisa zilifika. Chumba cha kuongozea kilikuwa kwenye jukwaa la Santa Rita, ambalo zamani lilikuwa la kuchimbia mafuta baharini. Broglio hakutaka kugundua upya kila kitu; alichukua chuma kilichokuwepo, akapata roketi iliyokwisha kujaribiwa, akaipeleka karibu na ikweta ambako mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma. Maarufu kuliko zote ni ile ya 12 Desemba 1970, miaka saba kamili tangu Kenya ipate uhuru. Marjorie Townsend, meneja wa mradi upande wa NASA, akaiita Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyojengwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei angani peke yake, na iliorodhesha vyanzo 339. Mpaka leo baadhi ya nyota huandikwa kwa namba zinazoanza na 4U, na hiyo U ni ya Uhuru. Mzee wa Ngomeni asiyejua kusoma Kiingereza alijua jina hilo lina maana gani kuliko wengi wa wanaolitumia. Ngomeni yenyewe ilipata nini zaidi ya jina, hayo ni ya siku nyingine.

Tena Oktoba 1974 pakarushwa kutoka hapohapo setilaiti iitwayo Ariel 5. Ya nani? Ya Uingereza. Waliokuwa na Blue Streak, waliokuwa na Black Arrow, wakaja kupanda Scout ya Mmarekani kwenye jukwaa la Mwitaliano, bahari ya Mkenya.

Lakini nisiifanye njia ya Broglio kuwa ndiyo dawa. Scout ilikuwa ndogo. Mzigo mkubwa usingeinuka. Na kupanda chombo cha mtu kuna nauli isiyoandikwa kwenye tiketi. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa na setilaiti ya mawasiliano, Symphonie, iliyokusudiwa kupanda Europa II. Europa ilipokufa wakaenda kwa Wamarekani, na Wamarekani wakakubali kuirusha (ilikuja kuruka Desemba 1974), kwa sharti kwamba itumike kwa majaribio tu, isiwafanyie biashara. Hapo ndipo Wafaransa walipoapa. Roketi iliyofuata, Ariane, ilikubaliwa 1973: Ufaransa ikabeba zaidi ya asilimia 60 ya gharama, na shirika lake la anga, CNES, likapewa kusimamia kazi yote kuanzia chini hadi puani. Mkesha wa Krismasi 1979 ikaondoka Kourou, kutoka uwanja uleule uliojengewa Europa, ikafika mara ya kwanza. Ya pili ilianguka. Ya tatu ikafika. Makosa yalikuwa na anwani.

Europa yenyewe ilifutwa rasmi Aprili 1973, roketi nyingine ikiwa imeshatengenezwa. Blue Streak yake ilikuwa imevushwa bahari hadi Guyana. Inasimuliwa kwamba kipande cha lile pipa, chuma chake chembamba cha thamani kisichoshika kutu, kiliishia kuwa banda la kuku. Niliposoma hapo nilimpigia dada simu Muscat, saa nne usiku kwetu, saa tano kwake. Nilipoanza kumweleza habari za hatua ya kwanza na ya pili akanikatiza: "Wewe useme tu kama unataka nilipe mnara mwingine."

Jumapili iliyopita tulikaa kikao, sisi watatu, kwa simu. Kaka anataka mnara uongezwe nguzo mbili. Dada anasema tangi liuzwe, linunuliwe dogo, hasara ataibeba yeye. Mimi nikasema kabla ya yote tumchague mmoja wetu, amri iwe yake. Kimya. Kila mmoja akamtaja mwenzake. Mwishowe nikamwita mama nimuulize yeye anaonaje.

Mama akasema lolote tutakaloamua ni sawa, ila tangi lisisogezwe kwanza. Kuna kuku wawili wanaatamia pale ubavuni, kivulini, na mayai yana siku kumi tu.